Boliti Fupi

Shariff aliliona gurudumu likimpita upande wa kushoto, likikimbia peke yake kwenye mteremko wa Gakindu, akajiuliza ni la gari gani. Hakuwahi kujijibu. Pikapu iliinama nyuma, chuma kikaanza kulima barabara ya vumbi, usukani ukamponyoka. Magunia ya mchele aliyokuwa ameyatoa Mwea yakahamia upande mmoja kwa pamoja. Gari lilizunguka, likapanda ukingo, likalala ubavu mtaroni.

Alipotoka kupitia dirishani, bega lake la kulia likining'inia kama si lake, aliona watu hawakimbilii gari. Walikuwa wakikimbilia chini, kwenye njia itokayo kiwanda cha kahawa. Hapo ndipo alipolikumbuka gurudumu.

Magdaline, mke wa Ngatia, alikuwa amepeleka kahawa kiwandani na sasa alikuwa akirudi nyumbani na kiondo kitupu mgongoni. Waliomwona walisema alisikia mshindo, akageuka, akasogea pembeni kama mtu anavyompisha mwenye haraka. Gurudumu likagonga jiwe, likabadilisha njia, likamfuata pale pale aliposogea.

Mchele uliomwagika ulikaa mtaroni mpaka jua likachwa. Siku nyingine watu wangekuja na mabeseni. Siku hiyo ni kuku tu walioula.

*

Aliyekwenda kumdhamini Shariff kituoni ni Abdulkadir, mume wa dada yake Zabibu. Alikwenda na hati ya plot yake ya Majengo ndani ya bahasha, akasimama mbele ya kaunta tangu asubuhi, akiitwa "wewe mzee" na polisi wa umri wa mwanawe. Walipotoka, alimshika shemeji yake mkono ule mzima, wakashuka polepole mpaka Majengo, pale Zabibu alipokuwa amekwishatandika kitanda cha sebuleni.

Shariff alikuwa kijana asiye na mke, aliyepanga chumba karibu na soko la Nyeri. Kwa bega lile asingeweza hata kufunga vifungo vya shati. Zabibu, ambaye ndiye aliyemlea mama yao alipofariki, hakumwuliza kama atakaa. Alimvua shati, akamwosha uso, akamlisha uji kwa kijiko.

Siku mbili za kwanza watu wa nyumba hiyo walizungumza kwa adabu kama wageni. Siku ya tatu Shariff aliitwa kituoni. Mkaguzi wa magari alikuwa ameifungua ile pikapu. Aliporudi hakukaa. Alisimama mlangoni mwa gereji, kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, ambako Abdulkadir alikuwa chini ya gari la mtu.

"Mkaguzi amesema nini?" Abdulkadir akauliza kutoka huko chini.

"Amesema ni spesa."

Abdulkadir akatoka taratibu, mgongo kwanza. "Spesa zimefanya nini?"

"Boliti za upande wa kushoto zimekatika zote. Anauliza nani aliziweka zile spesa."

Spesa zilikuwa mbili. Shariff alikuwa amenunua magurudumu mapana kutoka gari lililopata ajali, kwa sababu yale membamba yalikuwa yakizama kwenye matope ya Mwea kila mvua iliponyesha. Yalipofungwa, tairi zilisugua springi kwa ndani. Basi Abdulkadir akaazima mashine ya kukereza mjini, akakata vipande viwili vya chuma vya mviringo, unene wa kidole gumba, akavitoboa matundu manne manne, akavipachika katikati ya habu, kile kitovu cha ekseli, na gurudumu, kila upande wa nyuma kimoja. Magurudumu yakasogea nje, yakaacha kusugua. Pikapu ikaonekana pana, imara, kama mtu aliyepanua miguu ili asianguke.

"Nilikuambia boliti ni fupi," Abdulkadir akasema.

"Hukuniambia."

"Nilikuambia, Shariff. Wallahi nilikuambia."

"Usiape, shemeji. Mtu amekufa. Usiape."

Kuanzia siku hiyo Zabibu alipakua sinia mbili. Moja aliipeleka gereji, nyingine aliiweka sebuleni. Yeye na binti zake wawili walikula jikoni, na mabinti walikuwa wakubwa kiasi cha kutouliza.

*

Habari ilifika mjini kabla ya mazishi. Mwenye teksi aliyekuwa ameacha gari litiwe breki mpya alikuja kulichukua kazi ikiwa nusu, akasema amepata dharura. Mathenge, mwenye duka la mbegu, ambaye kwa miaka mingi hakuwa na fundi mwingine, alikuja na adabu zake zote, akaagiza tairi moja tu ibadilishwe. Alisimama akimtazama Abdulkadir akikaza nati. Abdulkadir alipomaliza, Mathenge alinyoosha mkono.

"Nipatie hiyo spana, fundi."

Akavua koti, akainama na tumbo lake, akajaribu nati moja moja kwa nguvu zake zote mbele ya watu waliokuwa wakipita. Hakuna hata moja iliyosogea. Akamrudishia spana, akapangusa mikono kwa kitambaa cheupe.

"Usichukie, Abdulkadir. Niko na watoto."

"Sijachukia," Abdulkadir akajibu. Lakini hakufanya kazi tena siku hiyo. Alikaa juu ya tairi kuukuu akiitazama spana.

Koplo alikuja Alhamisi na faili. Aliwakuta wote watatu uani, Zabibu akianua nguo.

"Mwenye gari anasema hakuambiwa kitu," koplo alisema. "Fundi anasema aliambia yeye. Sasa, siku gari ilitoka hapa, nani mwingine alikuwa?"

"Dada yangu alikuwepo," Shariff akasema.

"Mke wangu alikuwepo," Abdulkadir akasema, maneno yao yakigongana.

Koplo akamtazama Zabibu aliyekuwa na shuka mikononi. "Basi mama, Jumatatu uje uandikishe. Na useme ukweli, usiseme ya bwana wala ya ndugu."

Ukweli Zabibu alikuwa nao. Siku hiyo alikuwa amepeleka chakula gereji, akasimama karibu na gurudumu la nyuma, pale Abdulkadir alipochuchumaa. Aliona nati ya mwisho ikizungushwa. Ilizunguka kidogo tu, ikakaza, na ncha ya boliti haikutokeza upande wa pili. Ilikuwa imezama ndani ya nati kama jino lililooza. Abdulkadir aliitazama. Akasema, kichwa kikiwa chini, "Hizi boliti ni fupi. Zimeshika meno matatu tu. Ingefaa tungoje ndefu kutoka Nairobi."

Shariff alikuwa ameshaketi kwenye usukani na injini inanguruma. "Umesemaje, shemeji?" akapaza sauti.

Abdulkadir akasimama. Asubuhi ile ile Shariff alikuwa amemcheka kwamba anashika gari kama mwanamke mjamzito anayeshika mgongo, na kwamba pale stendi kuna fundi atakayemaliza kwa saa moja. Abdulkadir akajipangusa mikono. "Nimesema upite kesho nikukazie nati."

"Nitapita," Shariff akajibu. Hakupita.

Abdulkadir alimfuata Zabibu jikoni koplo alipoondoka. Alifunga mlango, jambo asilolifanya mchana.

"Wewe ulinisikia nikisema."

"Nilikusikia."

"Basi sema hivyo tu. Usiongeze."

"Na alipokuuliza umesemaje?"

Abdulkadir aliinamia jiko, akapuliza makaa ambayo hayakuhitaji kupulizwa. "Mama Fatuma, nikifungwa, hawa wasichana watakula nini? Yeye hana mtoto."

Shariff naye alimngoja dada yake mpaka mumewe alipokwenda msikitini. Alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa kifuani, uso umemsinyaa.

"Dada, aliponijibu nilimsikia vizuri. Alisema nipite kesho anikazie. Hakusema kuna hatari. Angesema, mimi si mwendawazimu."

"Na kwa nini hukupita?"

"Mchele ulikuwa unaningoja."

Shariff akajilamba midomo. "Liligonga, dada. Tangu Kianyaga nilikuwa nalisikia likigonga huko nyuma, tak, tak. Nikasema ni barabara. Niliongeza sauti ya redio." Macho yakamjaa maji. "Hilo usiwaambie. Wewe ndiye mama yangu. Hilo usiwaambie."

*

Jumapili mchana mtu alibisha hodi. Alikuwa amevaa suti ya kanisani iliyopauka mabegani, kofia mkononi, viatu vimejaa vumbi jekundu. Zabibu alidhani ni mteja, akafurahi kidogo.

"Mimi ni Ngatia," mtu akasema. "Kutoka Gakindu. Bwana ya ule mama."

Zabibu alitazama nyuma yake kuona kama kuna watu wengine. Hapakuwa na mtu. Akamkaribisha, akamwita mumewe. Shariff hakuwa na mahali pa kwenda. Kiti alichopewa Ngatia kilikuwa hatua mbili tu kutoka kitanda chake. Alijaribu kusimama, bega likamrudisha chini.

"Kaa tu," Ngatia akamwambia. "Nimesikia uliumia." Kisha akamgeukia Abdulkadir, aliyeingia akijifuta mikono iliyo safi. "Mimi sikuja kugombana, fundi. Watu wa kwetu walitaka kuja na mimi, nikawakataza. Polisi waliniambia ni kitu iliwekwa kwa hiyo gurudumu. Nikauliza ni kitu gani, wakaniambia ati nitaiona kortini. Mimi nataka kuiona sasa. Nimezika bibi yangu na sijui ni nini ilimuua."

Abdulkadir alisimama kama hakusikia. Halafu akatoka, akarudi na kipande cha chuma. Kilikuwa cha kwanza alichokata, matundu yakaenda upande, akakiweka kando. Ngatia alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akapitisha kidole ndani ya tundu moja.

"Ni hii?"

"Ni kama hiki."

"Ni kitu ndogo hivi." Alikipima uzito mkononi. "Inafanya kazi gani?"

Abdulkadir akatoa boliti na nati mfukoni, akachuchumaa mbele yake sakafuni. Akaanza kueleza, na alivyoendelea kueleza sauti yake ilitulia, kwa sababu hili alilijua.

"Kinasukuma gurudumu nje lisisugue. Lakini boliti ni ile ile, haikui. Ukiweka chuma hiki katikati, kinameza boliti hapa, na huku nje inabaki fupi. Sasa tazama nati. Inapaswa iingie ndani walau sawa na unene wa boliti yenyewe. Ikiingia hivi tu, meno machache ndiyo yanayobeba gari na mzigo wote."

"Yakishindwa?"

"Nati inalegea. Gurudumu linaanza kucheza. Likicheza, linaipinda boliti kila linapozunguka, kama unavyopinda waya mpaka ukatike. Moja ikikatika, tatu zinabeba mzigo wa nne. Zinafuata."

"Na kuna njia ya kuiweka isiue mtu?"

"Iko. Unaweka boliti ndefu. Tundu la katikati unalikereza likae sawasawa juu ya habu, ili gurudumu lisining'inie kwa boliti peke yake. Gari likienda mwendo mfupi linarudi, nati zinakazwa tena. Na hata hivyo si kwa mzigo mzito. Beringi huumia."

Ngatia aliitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayefuata mahubiri. "Hiyo yote unajua."

"Naijua."

"Sasa gari ilitoka hapa namna gani?"

Zabibu alikuwa ameingia na chai. Alisimama nayo. Nje watoto wa jirani walikuwa wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, wakihesabu kwa sauti.

"Nilimwambia," Abdulkadir akasema, bado amechuchumaa.

"Hakuniambia," Shariff akasema. "Mungu ananiona, mzee. Hakuniambia."

Ngatia hakuwatazama. Aliinua uso kwa Zabibu. "Polisi wamesema wewe ulikuwa, mama. Aliambia yeye ama hakuambia?"

Abdulkadir alimtazama mkewe. Shariff alimtazama dada yake. Zabibu akaiweka sinia mezani.

"Alisema," akasema. Abdulkadir akashusha pumzi. "Lakini alisema ameinama, kwa sauti ya chini, injini inanguruma. Mimi nilisikia kwa sababu nilikuwa karibu naye. Ndugu yangu hakusikia. Akauliza, umesemaje? Na mume wangu akamjibu lingine. Akamwambia apite kesho akaziwe nati."

"Zabibu," Abdulkadir akasema.

"Na ndugu yangu akasema atapita, na hakupita. Na gurudumu liligonga tangu Kianyaga, akaongeza redio."

Shariff aligeukia ukuta.

Ngatia aliinamisha macho. Kile chuma kilikuwa juu ya magoti yake, kwenye suti. Kisha akauliza, bila ukali, kama mtu anayetaka tu kujua njia:

"Na wewe mama, ulisikia boliti ni fupi. Ulifanya nini?"

Zabibu alikuwa amejiandaa kwa swali la koplo, kwa swali la mumewe na la ndugu yake. Hili hakuna aliyewahi kumwuliza, hata yeye mwenyewe hakuwa amejiuliza.

"Niliwaambia chakula kinapoa," akasema.

Ngatia alisimama. Akaweka chuma mezani, kando ya chai ambayo hakuigusa, akakiweka taratibu kisigonge.

"Mimi nilikuja kutafuta mtu mmoja," akasema. Akavaa kofia, akatoka. Walimsikia akiwaambia watoto wa nje wampishe apite.

Wa kwanza kusema ni Shariff, bado ameuelekea ukuta. "Umeniua, dada."

"Ungenyamaza tu," Abdulkadir akasema. "Nani alikutuma? Mtu mgeni, ndani ya nyumba yetu."

"Mgeni kabisa," Shariff akaitikia.

Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu ajali. Zabibu akabeba sinia ya chai kuirudisha jikoni, na huko akaketi chini, mgongo kwenye ukuta, akaiachia kanga yake imfunike uso.

*

Jumatatu Zabibu aliandikisha maneno yale yale, na kortini aliyarudia. Hakimu alimkemea Abdulkadir mbele ya watu wote, akamwita fundi anayenong'oneza hatari, watu wakacheka. Lakini kesi ilikuwa ya dereva. Dereva ndiye aliyelibadilisha gari lake, ndiye aliyesikia likigonga akaendelea. Shariff alifungwa mwaka mmoja na nusu. Alipopitishwa kwenda kwenye lori la polisi, mkono ukiwa umepona kiasi cha kutiwa pingu, Zabibu alimwita kwa jina lile alilokuwa akimwita alipokuwa mtoto. Hakugeuka. Ngatia alikuwa ameketi benchi la nyuma. Aliondoka kabla ya wengine, hakuzungumza na mtu.

Magari hayakurudi gereji. Abdulkadir alianza kuziba sufuria na karai za watu wa Majengo, kazi aliyokuwa akiwafanyia bure zamani. Kila alipomaliza sufuria aliitia maji, akaiinua juu, akamwonyesha mwenyewe kwamba haivuji. Alifanya hivyo hata kwa asiyeuliza.

Mwezi wa kwanza wa kifungo ulipokwisha, Zabibu alipika chapati na nyama, akazifunga kwenye kitambaa, akapanda mpaka gereza la King'ong'o kwa miguu. Alipanga foleni na wanawake wengine nje ya geti. Askari aliandika jina, akaingia ndani, akachelewa. Aliporudi alimwita pembeni, labda kwa huruma.

"Mama, chakula hairuhusiwi. Mfungwa anakula ya serikali."

"Haya. Nimwone tu."

Askari alijikuna shingo. "Amesema hana dada."

"Mwambie ni Zabibu."

"Nilimwambia."

Alisimama pale mpaka foleni ikaisha, kisha akashuka. Alifika nyumbani Abdulkadir akiwa uani na karai mapajani. Zabibu aliketi kwenye kiti kifupi mbele yake, akauweka mzigo miguuni.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Amekonda?"

"Kidogo. Lakini bega limepona."

Abdulkadir aligonga karai mara moja kwa nyundo, akasita. "Amesema nini?"

"Amekusalimu," Zabibu akasema. "Amesema yaliyopita yamepita."

Abdulkadir alimtazama usoni, kisha akateremsha macho mpaka kwenye kitambaa kilichokuwa miguuni mwake. Fundo lilikuwa limekaza vile vile alivyolifunga asubuhi, na mafuta ya nyama yalikuwa yamepenya, yakaganda. Alilitazama fundo lile. Zabibu naye akalitazama, asijue la kufanya na mikono yake.

Abdulkadir akaweka nyundo chini. Akaenda kwenye pipa, akanawa mikono mpaka viwikoni, akarudi na kopo la maji, akamnawisha mkewe. Kisha akachuchumaa, akafungua fundo kwa kucha zake nyeusi, akakata chapati vipande viwili.

"Na ndugu yangu mimi," akasema, "amekusalimu pia." Hakuwa na ndugu, wala hakuna mtu aliyekuwa amekuja siku hiyo. Akamwekea kipande kimoja mkononi, na wakala pale pale uani, chakula kikiwa baridi, bila kumbakizia mtu.